Waliobaki Katika Madaftari ya Felisita

Felisita Maige alikuwa na swali moja ambalo kazi yake haikumtaka aulize. Alikuwa mhudumu, baadaye mkunga, katika zahanati ndogo nyuma ya soko la zamani la Bariadi, tangu mwaka 1979 mpaka alipostaafu mwaka 2006. Mtoto akishazaliwa, aliandika kwenye rejista yale yaliyotakiwa: tarehe, uzito, jina la mama. Wiki mbili tatu baadaye, mama aliporudi kliniki, Felisita alimvuta pembeni.

"Mmempa jina gani? Na kwa nini?"

Kwetu Usukumani, jina la nyumbani lilitokana na kile kilichokuwa kikitokea mtoto alipofika. Kwa hiyo kila mama alikuwa na la kueleza, na Felisita aliandika. Aliandika kwenye madaftari makubwa, yale tunayoyaita kaunta buku, aliyonunua mwenyewe. Kila mtoto karatasi yake: mbele tarehe, jina la mama na muhuri wa zahanati, nyuma jina, na chini yake maneno "kwa nini", kisha jibu. Hata mapacha hakuwaweka pamoja. "Wamebanana vya kutosha," alisema.

Mabula: mvua imeangusha ukuta wa ghala la pamba, watu wamelala kanisani siku tatu. Njile, yaani njia: mama amejifungulia kwenye mkokoteni, ng'ombe wamekataa kuvuka mto. Nzala, yaani njaa: tunakula mahindi ya njano ya msaada, bibi yake amesema ladha yake ni kama ya sabuni. Milembe mdogo, yaani amani: leo watu wa mitaa miwili wamepatana juu ya kisima.

Madaftari yalifika sita, watoto zaidi ya elfu moja. Sijui mahali pengine ambapo mji wetu uliandikwa. Wageni wamezoea kuuona mji huu kama kituo cha pamba, na tangu mkoa ulipozaliwa wanauona kama ofisi. Lakini siku ukuta wa ghala ulipoanguka, na nani alilala kanisani, na nani alipatana na nani kisimani, hayo yalikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mjane mmoja, katikati ya majani makavu ya mwarobaini ya kufukuza mchwa.

Uzeeni alitaka kitu kimoja tu: madaftari yale yapate mahali penye mlango na kufuli kabla hajafa. Lami ilikuwa imefika, soko la zamani limevunjwa, zahanati imegeuzwa stoo ya saruji. Alikwenda mara mbili kwenye ofisi za mji, mara zote mbili akaambiwa aache namba ya simu.

Kisha ukaja mwaka ule ambao laini za simu zilifungwa kwa asiye na kitambulisho. Asubuhi moja mwanamume wa miaka thelathini na kitu alisimama mlangoni kwake, kofia mkononi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Wewe ni wa nani?"

"Naitwa Mayunga, wa Sapiwi. Mama amesema mimi ulinizaa wewe."

"Mama yako alizaa mwenyewe. Mimi nilidaka tu."

Mayunga alieleza shida yake. Karani alitaka ushahidi wa kuzaliwa, na rejista za zahanati za miaka ile zilikuwa zimeliwa na mchwa. Alikuwa amesikia kwamba mayu, kama tunavyowaita mama zetu, ana karatasi zenye muhuri. Nakala haikubaliki, karani anataka yenyewe.

Felisita alivuta sanduku. Alipoipata karatasi alivaa miwani, akamsomea upande wa nyuma. "Baba yake yuko Bukundi na ng'ombe, huu mwezi wa tano hajarudi. Mama amesema: namwita Mayunga, ili huyo mzururaji akirudi ajue nilimsema."

Mayunga alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mimi ni tusi la mzee! Miaka yote hii ananiita kwa sauti pale nyumbani, anajitukana mwenyewe!"

"Utairudisha?"

"Keshokutwa, mayu. Nikishapiga picha tu."

Felisita aliikata kwa wembe, taratibu, kando ya uzi, kama anayefungua mshono. Mayunga aliikunja mara nne akaitia mfukoni. Keshokutwa yake haijafika mpaka leo.

Baada yake walikuja wengi. Habari zilienea kwamba karatasi ya mayu inakubalika, na kwamba akifa itakuwa basi. Walikuja wa vitambulisho, wa vyeti, wa kazi za jeshi. Walikuja hata waliokuwa na kila kitu, wakitaka tu kusomewa upande wa nyuma, na wakishasomewa hawakuweza tena kuiacha. Aliwauliza wote kama watarudisha. Wote waliitikia. Mimi nilichukua yangu mwaka huohuo. Iko ndani ya faili fulani, imepigwa pini, na sikuifuata. Niliusoma upande wa nyuma mara moja nikiwa kwenye foleni, na sasa nakumbuka nusu tu: kulikuwa na baiskeli, na mto uliojaa.

Jirani yake alimwambia anajimaliza. Felisita alijibu kwamba karatasi ni ya aliyezaliwa, yeye alikuwa mtunzaji. Lakini nafikiri ilimuuma. Kila jioni aliyapanga madaftari upya sandukuni, na kila jioni yalikuwa mepesi zaidi.

Mwaka jana ofisi za mji zilimkumbuka. Alikuja afisa utamaduni mpya, msichana mwenye begi mgongoni. Alikuwa anatayarisha chumba cha kumbukumbu za mji, chumba chenye kabati la kioo, mlango na kufuli.

"Jina lako?"

"Goodness, bibi."

"Goodness." Felisita aliligeuzageuza mdomoni. "Siku uliyozaliwa kulikuwa na nini?"

"Sijui, bibi. Labda televisheni."

Walicheka wote wawili, na Felisita akavuta sanduku akiwa bado anacheka. Goodness alifungua daftari la kwanza, la pili, la tatu. Majalada yalikuwa manene, ndani kukiwa na vipande vya karatasi vilivyosimama kando ya uzi kama mabua baada ya mavuno.

"Bibi, mbona ni maganda?"

"Wenyewe walikuja."

"Na hukubaki na nakala?"

"Macho haya, mjukuu wangu, yanaona nyumba. Herufi siku hizi nazifahamu kwa kukumbuka."

Hata hivyo karatasi chache zilikuwepo, moja hapa, mbili pale. Goodness alizihesabu: thelathini na nane katika madaftari yote sita. Alisoma moja kwa sauti, kisha nyingine, uso wake ukianza kuchangamka, maana zilikuwa nzuri. Kisha akaigeuza. Alirudi kwenye ile ya kwanza, akageuza mbele.

"Bibi, hii tarehe ya pili hapa chini ni ya nini?"

Felisita alitazama mlangoni. "Hao ndio ambao hawajaja."

Walioondoka na surua ya mwaka mmoja. Walioondoka na homa, wenye mwezi, wenye mwaka, mmoja aliyekuwa ameshaanza darasa la pili. Hawakuhitaji kitambulisho. Wenzao walipita mlangoni mmoja mmoja, wao wakabaki, mpaka madaftari ya waliozaliwa Bariadi yakawa madaftari ya waliokufa Bariadi.

Goodness alitoa simu begini. "Nao walikuwa watu wa mji huu," alisema. "Tunawachukua. Ngoja nipige picha kwanza."

"Usipige." Felisita aliweka kiganja juu ya daftari. "Mama zao wengi wako hai. Mtoto mchanga kwetu alizikwa na wanawake, pembeni ya nyumba, hakuna matanga, hakuna msalaba. Leo pale pamejengwa fremu za maduka. Sasa mama aje ofisini kufuata hati ya kiwanja, amkute mwanawe nyuma ya kioo? Niwaulize kwanza."

"Chumba kinafunguliwa mwezi wa saba, bibi."

"Nitawahi."

Alianza na Milembe, auzaye dagaa wa Lamadi kwenye soko jipya, rafiki yake wa zamani.

"Felisita! Umekuja kununua au kunikagua?"

"Nimekuja na mtoto wako."

Mkono wa Milembe ulisimama ndani ya dagaa. Felisita alimsomea, ingawa daftari alikuwa amelishika mbali na macho. "Kabula. Mvua ya kwanza tangu mwaka uanze. Baba yake ametoka nje, amesimama kwenye mvua na shati la kanisani."

"Alisimama kweli, yule mjinga," Milembe alisema. "Nikampigia kelele, shati ni moja hilo! Akasema litakauka." Alijifuta mikono kwenye khanga, akajifuta tena. "Waiweke. Watu wamwone. Alikuwa mtoto mzuri."

Asubuhi iliyofuata Milembe alikuwa mlangoni kwa Felisita kabla hata ya kufungua meza yake.

"Nimebadili mawazo. Sina picha yake. Sina hata nguo. Nipe ile karatasi."

"Basi wapige picha tu, wewe ubaki na yenyewe."

"Hata picha, Felisita."

Felisita akakata.

Nyanjige wa Malambo alikuwa anapuliza jiko. Aliipokea, akaitazama pande zote mbili, akaiweka juu ya makaa ya jiko lake. "Miaka thelathini na mbili," alisema ikiwa inajikunja. "Nilikuwa nimeshamsahau, mpaka saa nne ya leo." Kisha alileta michembe ya viazi vilivyokaushwa na karanga kwenye ungo, na wale wanawake wawili wakala mpaka jua likawa la utosi.

Hivyo ndivyo alivyokwenda, karibu kwa miguu, mbali kwa bodaboda, goti limefungwa kitambaa. Alikwenda Sapiwi mara nne. Kila alipofika alieleza habari za chumba, za kabati, za kufuli. Nadhani alieleza vizuri, kwa sababu alikitaka chumba kile kuliko yeyote. Wanawake walisikiliza mpaka mwisho, kisha wakanyoosha mkono. Mmoja aliitia ndani ya Biblia. Mmoja aliishonea kwenye mto wa kulalia. Mmoja, Ndalahwa, hakujua kusoma. Alimwomba arudie mpaka akaishika yote kwa moyo, kisha akaifunga kwenye pindo la khanga. Wale ambao mama zao walikuwa wamefariki, aliwapelekea baba au ndugu, nao wakapokea. Hakuna aliyesema hapana kwa ukali. Hakuna aliyeacha karatasi.

Goodness alipiga simu. "Bibi, zimebaki ngapi?"

"Zinapungua."

"Bibi, si ungeacha tu? Hakuna ambaye angejua."

"Ningejua mimi."

Mwezi wa saba alikwenda mwenyewe. Alivuka uwanja wa ofisi mpya, mzee mwembamba mwenye mzigo uliofungwa kamba ya katani, akaelekezwa ghorofa ya kwanza. Kabati la kioo lilikuwa na kinyago, ngoma mbili na jembe la mkono. Rafu ya katikati ilikuwa imeachwa wazi kwa ajili yake.

Goodness alifungua kamba. Majalada sita. Alipapasa la tatu, akatoa karatasi moja.

"Hii?"

"Huyo mama yake amekubali."

Goodness alisoma upande wa mbele. Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu 1986. Kilo mbili na nusu. Mama: Felisita Maige. Chini, kwa wino mwingine, tarehe ya pili, miezi saba baadaye. Akaigeuza.

Nyuma kulikuwa na jina, Salu. Chini yake: kwa nini. Chini ya hapo hakukuwa na kitu.

"Bibi, hapa hukumalizia."

"Sikuona sababu. Wengine niliandika ili wasisahau. Mimi ningesahau vipi?"

"Basi niambie, niandike mimi." Goodness alichukua kalamu. "Mlimpa jina Salu kwa nini?"

Katika miaka yake yote hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Felisita alivuta kiti akakaa. Alifungua mdomo mara moja, kwa haraka, kama mtu anayekwenda kuchukua kitu mahali anapojua kipo. Kisha akaufunga. Alitazama mikono yake. Aliitazama karatasi. Chini uwanjani mtu alikuwa anawasha pikipiki, ikakataa, ikakataa tena, ikawaka.

"Nilikuwa najua," alisema.

Goodness aliweka ncha ya kalamu juu ya karatasi.

"Mume wangu angekuwepo angekwambia. Kulikuwa na jambo. Lilituchekesha." Alisugua goti lake lenye kitambaa. "Nilikuwa najua, mjukuu wangu."

"Niandike nini, bibi?"

"Andika hivyohivyo."

Iko pale mpaka sasa, kwenye rafu ya katikati, mbele ya majalada sita matupu. Ukipanda ghorofa ya kwanza utaisoma: mwandiko wa Felisita juu, jina na swali lake, na chini yake mwandiko mwingine, wa duara, wa shule za siku hizi: Mama yake alikuwa anajua.