Kuku Mweupe Niliyemupa Mudogo Wangu

Kwetu mutu akianza nyumba upya, ndugu anamupa kuku jike, muzima, wa kutaga na kuangua. Ndiyo maana mudogo wangu, aliyekimbia vita Djugu na sasa iko kambini pembeni ya Bunia, alikuja kwangu Bigo. Hakuomba unga. Aliomba kuku wa kuanzia.

Mimi niko na zile nyeupe tu, za nyama, zinanenepa upesi mupaka miguu inashindwa. Zote sura moja. Badala ya kusema ukweli, nikaanza masifu. Ndiyo ugonjwa wangu. Hata marehemu mama watoto alikuwa ananifinya mbele ya wageni ili ninyamaze. Nikamwambia muuza vifaranga wa mutaa wa Lumumba anasema kule Ulaya wanachagua ng'ombe mumoja munene, wanatoa kopi yake, na kopi ingine tena, nyama ileile, hakuna kubahatisha, sawasawa na kuku zangu.

Mudogo wangu alifuga ng'ombe maisha yote, kila mumoja na jina lake na ukaidi wake. Akaniangalia mimi, yaya wake, mukubwa wake.

"Yaya, na hiyo kopi ikiumwa, inaumwa ya kweli ao ya kopi?"

Nikacheka. Nikamuchagulia kuku munene kuliko zote. Akaipokea kwa mikono mbili, akaifunga mu kitenge kama mutoto.

Juma lililofuata nikaenda kumuona. Kuku ilikuwa imelala juu ya gunia, manyoya ya kifua yameisha kwa kulalia. Alikuwa anainywesha maji kwa kiganja.

"Inakataa kusimama. Nilifikiri ni uchovu wa njia, naikanda miguu na mafuta. Itataga lini, yaya?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Haitafika kutaga. Hii ni ya kula tu. Ikipitisha wakati wake, uzito wake wenyewe unaiua."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakunitukana. Angenitukana, ningepumua. Aliingia mu hema, akatoka na kisu.

"Ichinje weye. Mimi tumeshazoeana nayo."

Miaka yote naziuza zikiwa hai; wanachinja wanunuzi, huko kwao, mimi siko. Nikapiga magoti, nikanyoosha mukono. Kuku haikujaribu hata kukimbia. Ilileta mudomo mu kiganja changu, ikatafuta maji.