Baba Aliwaambia Watu Nasomea Sheria

Admin, jina langu nifichie, ila maneno yangu usiyapunguze makali. Mimi ni binti wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Tunduma, wa kwanza kwa baba na mama yangu. Sijaolewa, na kabla hamjaanza, hilo silo lililonileta hapa.

Baba yangu ni wakala wa forodha. Nimekulia ofisini kwake pale karibu na mpaka. Nikitoka shule nakaa kwenye benchi, nasikiliza madereva wa malori na wafanyabiashara wakilalamikia ushuru. Kila mtu anaapa mzigo wake ni mdogo kuliko unavyoonekana. Nilipenda maisha yale. Chuo kikuu nikasoma historia, na nilipopata nafasi ya masta nje ya nchi nikachagua Wagiriki na Warumi wa kale. Nikajifunza Kigiriki chao mpaka macho yakauma.

Mnacheka? Chekeni. Nimeshachekwa na watu ninaowajua kwa majina, nyinyi hamnitishi.

Baba alipouliza nasoma nini, nilimweleza vizuri tu. Akauliza, "Hao Warumi walikuwa na sheria?" Nikamwambia walikuwa nazo, tena nyingi. Akasema, "Basi unasoma sheria." Nikadhani ananitania. Kumbe mzee ndiyo kashamaliza, anazunguka mtaa mzima anatangaza kwamba binti yake anasomea uwakili. Nilipomlalamikia kwenye simu akanijibu, "Wewe soma, huku niachie mimi."

Nimerudi mwaka huu nikiwa nimemaliza. Baba akaandaa shukrani nyumbani: maturubai, pilau, maiki, majirani, mawakala wenzake, hata wageni kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Akanisimamisha katikati akasema, "Huyu ndiye wakili wetu." Watu wakapiga makofi. Nikatabasamu tu, nikijiambia nitaongea naye tukiwa wawili.

Hapo akasimama mama mmoja mjane, muuza mchele wa mtaa wetu, ananijua tangu nachezea matope. Alikuwa ameshika kitenge cha kunizawadia. Akasema mbele ya watu wote kwamba mashemeji zake wameanza kujenga kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu mume wake. Watu walimshauri aende baraza la ardhi, yeye akakataa. "Nikasema sihangaiki na wageni, mtoto wangu anarudi. Baba yako alinihakikishia." Kisha akanifunga kile kitenge begani.

Nilimwangalia baba. Naye akaniangalia, akatikisa kichwa taratibu, nisiseme.

Niliomba maiki nikasema. Nikasema mimi si wakili, sheria sijaisomea hata siku moja, nimesomea Wagiriki na Warumi wa kale na sioni aibu. Nikamwambia yule mama kesho twende wote Vwawa, makao makuu ya mkoa, nikamtafutie msaada wa kweli. Kisha wakala mmoja akauliza, "Wale waliokufa?" Kicheko kikaanzia kule nyuma kikaja mpaka mbele. Baba akaingia ndani, hakutoka tena mpaka maturubai yaliposhushwa.

Kesho yake nilikwenda Vwawa na yule mama. Tulimpata mtu wa msaada wa kisheria, kesi imefunguliwa, na ujenzi umesimama kwa sasa. Kwa hiyo asinijie mtu hapa na habari za kwamba ningenyamaza kulinda heshima ya mzazi. Heshima gani hiyo, ya kumpotezea mjane kiwanja chake? Nampenda baba yangu, na siku ile ikijirudia nitasema vilevile.

Sasa hasemi na mimi. Nimepata nafasi ya uzamivu, mambo yaleyale, na safari imekaribia. Kwetu hakuna anayesafiri bila baba kumwekea mkono kichwani na kumwombea. Mara ya kwanza aliniwekea, akaniombea mpaka basi likapiga honi. Safari hii anapitisha maneno kwa mama: "Aje mbele ya mawakala wenzangu aseme alikuwa anatania, na kwamba huko anakokwenda anasomea sheria. Akikataa aende, ila asiniage." Mama analia, ananiambia, "Mwanangu, ni maneno tu, yaseme yaishe." Sisemi ng'o.

Kinachoniuma ni kwamba baba hajawahi kuuliza nasoma nini hasa kwa hao Wagiriki na Warumi. Niwaambie nyinyi. Nasoma stakabadhi za ushuru. Kule Misri, enzi za kutawaliwa na Warumi, kulikuwa na malango ambapo watu walipitisha ngano na mafuta kwa punda na ngamia. Wakishalipa wanaandikiwa kwa Kigiriki kikaratasi cha mafunjo, fulani kapita, kabeba kitu fulani. Vingine vimebaki mpaka leo. Mimi nikivisoma namwona kabisa mtu aliyesimama pale na mzigo wake, anaapa ni mdogo, maana nimemwona tangu utoto wangu. Nimekwenda mbali kote huko kusoma kazi ya baba.

Jana nilipita ofisini kwake. Alikuwa anabishana na dereva, hakuinua uso. Benchi langu bado lipo palepale. Nilisimama mlangoni na picha za zile stakabadhi kwenye begi, halafu nikageuka nikaondoka.

Haya, semeni. Nirudi nikakae kwenye lile benchi nimsomee stakabadhi moja, hata akinifukuza mbele ya madereva? Au nipande basi hivihivi bila kuombewa? Ushauri wa kudanganya kaeni nao wenyewe. Mkono wa baba nautaka, tena sana, lakini nautaka juu ya kichwa changu mimi, siyo cha huyo wakili wake.