Sarafu ya Korongo

Kila ninaponusa ukwaju uliolowekwa, vidole vyangu huikumbuka sarafu moja ambayo haikuwa yetu, ubaridi wake na uzito wake kiganjani.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Kibarani, Kilifi. Baba yangu, Charo, alikuwa mpishi wa Bwana Tadeo, fundi wa mitambo kutoka Polandi, mtu mrefu mwenye masikio mekundu. Bwana Tadeo alipokwenda kutibiwa Nairobi, alimwachia baba amana: sarafu ya fedha ya kwao, imefungwa kitambaani. Upande mmoja ilichorwa korongo, ndege kama wale tuliowaona kule Magarini wakipita mashambani kwa madaha kama makarani. Baba alituonyesha alama ndogo chini ya mguu wa ndege. Sarafu nyingine za korongo hazikuwa nayo, alisema, na Bwana Tadeo aliitafuta hiyo miaka mingi.

Baba hakutulia tena. Aliihamisha sarafu kutoka sandukuni hadi kwenye gunia la mahindi, kisha akairudisha sandukuni. Aliogopa ikipata doa, jina lake nalo litapata.

Mimi nilichoona ni kwamba imefanya weusi. Kwetu sufuria ya jirani haikurudi na masizi hata siku moja. "Ya watu hiyo, mwanangu," mama alizoea kusema, "isugue mpaka icheke." Basi barua ilipofika kwamba Bwana Tadeo anarudi, niliisugua sarafu kwa ukwaju, jivu na mchanga laini, siku tatu mfululizo, nyuma ya jiko. Korongo akang'aa ajabu.

"Baba Kadzo, njoo uone kazi ya mwanao!" mama akaita. Baba alifurahi mno.

Bwana Tadeo alikuja mwenyewe nyumbani, amekonda. Akafungua kitambaa. Akapitisha kidole gumba chini ya mguu wa korongo, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Nani ameisafisha?"

"Mimi," nikasema, nimenyoosha mkono kama niko darasani.

Alinitazama, kisha akamtazama baba, aliyesimama wima kama siku ya harusi yake. "Asante, Kadzo," akasema. "Bwana Charo, wewe ni mtu mwaminifu." Akaketi, akala mahamri mawili.

Nilikuwa mtu mzima nilipomsikia muuza sarafu mmoja wa Mombasa akimkemea mteja. Sarafu kuukuu haisuguliwi, alisema. Weusi ule ndio umri wake, na alama ndogo zikifutika, hakuna tena wa kuitafuta. Nilitoka dukani bila kuaga. Niliona haya, haya ya kweli, iliyochelewa miaka mingi.

Baba bado yu hai. Wageni wakija, huwasimulia jinsi alivyoirudisha amana ya Mzungu ikiwa safi kuliko alivyoipokea, kisha hunigeukia nithibitishe.

"Kweli, baba, iling'aa," husema, nikimwongezea chai.