Siku Niliyoita Jikoni Kusiko na Mtu

Hii siku naionea aibu hata nikiiandika peke yangu, lakini wacha niiandike vile ilikuwa, nisijipendelee.

Wanaume wa kanisa letu hapa Kikima tunakutana kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na mama wa hiyo nyumba ndiye hupika. Zamu yangu ilifika bibi yangu Syombua, Mama Mumo, akiwa Mutomo kazini, na huja mwisho wa mwezi tu, kwa hivyo kupika na kufua ni mimi. Na mkutano wa kabla yake, Mwalimu Kioko, mwenyekiti wetu, alikuwa ametueleza neno la Kiingereza, henpecked, ati limetoka kwa kuku: majike humdonoa jogoo mpaka shingo inabaki uchi, ndiyo mwanaume anayetawaliwa na bibi akaitwa hivyo. Wakacheka wakiniangalia. (Sina hakika kama ni wote. Wawili, nina hakika.)

Basi nikaamua kitu kidogo tu: niseme Syombua amekuja.

"Mama Mumo, maji ya kunawa!" nikapaza sauti, halafu nikatoka mbio nikayaleta mwenyewe, nikisema amechoka na safari. "Mama Mumo, chumvi!" Nikatoka tena (hapo, sijui kwa nini, nilingoja kidogo kama ataitikia). Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, nikaleta mimi, kuku nikaleta mimi, na leso yake niliyojifunga nikipika nilikuwa nimeisahau kiunoni.

"Huyu mama lazima tumwombee," Mwalimu akasema, na kabla sijapata uongo mwingine alikuwa ameingia jikoni, wengine nyuma yake.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na simu yangu imeegemea debe la unga, kwa sababu nilikuwa nimempigia Syombua kwa spika anielekeze mapishi, netiweki ikasumbua sauti ikapotea, nikaisahau bila kukata, na sasa sauti ilikuwa imerudi.

"Baba Mumo, nakusikia kwa mbali. Mbona unaniita na unajua siko?"

"Huyu amekaliwa na bibi hadi kwa simu!" mmoja akapiga kelele, wakacheka mpaka wakashikana. Mwalimu naye alicheka, lakini ndiye aliyeshika simu akamsalimia vizuri, wakaomba.

Sitadanganya tena kwamba yuko. Jioni nilienda kufungia kuku, nikamwona jogoo wetu, shingo uchi kweli, amejibana katikati ya majike yake. Sikumhurumia. Yeye wanaomdonoa wako karibu.