Mpangaji wa Chumba cha Uani

Mwenzenu nilikuwa nimechoka. Kutwa nashinda na watoto wa darasa la pili, wananipigia kelele mpaka masikio yanaziba. Nikirudi nyumbani Mkonze namkuta kaka yangu mkubwa kwenye kizingiti cha chumba cha uani, redio mapajani, palepale nilipomwacha asubuhi.

Alikuwa dereva wa greda. Barabara ilipokwisha wakamwambia kazi hakuna, akaja kwangu. Nikampa chumba, akakataa kukaa bure. "Mimi si mtoto. Nipangishe kama mtu yeyote." Haya, nikampangisha. Akalipa miezi miwili, kisha kimya. Sikumdai. Ningeanzia wapi? Huyu ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli na sanduku langu la bati, kutoka Mlali mpaka bweni la Mpwapwa, vilima vyote akisukuma kwa miguu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia kwa sauti nzito ya mkubwa wa nyumba. Ukubwa huo ndio pekee aliobaki nao, na nilijua.

Lakini nilikuwa nanuna, nisiseme uongo. Nanunia sahani yake, nanunia maji yake ya kuoga, nanunia hata hiyo redio.

Jumamosi moja mjumbe wa mtaa akaja na daftari, anaandika watu wa kila nyumba. Nilikuwa nafua, mgongo unawaka moto. Akaelekeza kalamu uani. "Na yule mzee ni nani wako?"

"Mpangaji," nikasema. Wala sikuinua kichwa kwenye beseni.

Redio ikazimwa.

Mchana hakuja kula. Nikampelekea ugali na mlenda mlangoni kwake. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akashukuru tena. Hapo nikaogopa.

Asubuhi yake nikatoka na ndoo. Alikuwa ameshafagia uwanja wote, amefika mlangoni kwangu. Kabla sijafungua mdomo akainamisha kichwa, kichwa chenye mvi.

"Shikamoo, mama mwenye nyumba."

Jamani, kaka yangu! Ila mimi ni mwalimu. Shikamoo za watoto naziitikia kutwa, mdomo umeshazoea, haungoji akili.

"Marahaba," nikasema.

Akaendelea kufagia.