Fimbo ya Nestori: kilichoua kundi letu la kutembea porini, Kasulu

Wakuu, salaam kwenu nyote mliopo jukwaani.

Hii naiandika kama ilivyotokea. Majina nimebadilisha, mengine yote ni ya kweli. Nimekaa nayo miaka mingi kwa sababu kuna mtu mmoja sikutaka aisome, na mtu huyo tumemzika mwaka jana. Mtaelewa mbele.

Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka apite, sitanuna.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, kwetu Morogoro. Ajira ilinipeleka Kibondo, na 2013 nikahamishiwa Kasulu. Mnaoijua Kasulu ya wakati ule mnafahamu: ukishasahihisha madaftari na kula migebuka yako, weekend haina pa kwenda. Sisi watumishi tuliotoka mikoa mingine tulikuwa tunaishia kunywa na kusengenyana.

Ndipo tukaanzisha kundi la kutembea.

Kila Jumamosi asubuhi tunaingia porini. Mara milima ya upande wa Kabanga, mara Kagerankanda, viazi vya kuchemsha kwenye begi na chupa ya chai. Tulijiita Miguu Mikavu. Wenyeji walituona vichaa. Kuna mama alituuliza, kwa huruma kabisa, kama tumekosa gari la kutupeleka tuendako.

Cheka tu mkuu, lakini lile kundi lilikuwa ndugu zangu. Nilipolazwa na malaria, wao ndio walioleta uji. Walipokezana mpaka nikasimama.

Sasa kuna desturi yetu moja lazima niieleze.

Kila mtu alikuwa na fimbo yake aliyoikata mwenyewe. Ukibanwa na haja njiani, huagi mtu. Unaichomeka fimbo katikati ya njia, unaingia majanini. Wengine wakiikuta wanapita kimya. Anayetembea mwisho, tuliyemwita Mkia, akiikuta anasimama palepale mpaka mwenyewe atoke na kuing'oa. Hakuna mwingine anayeigusa.

Hakuna aliyeaibika, hakuna aliyeachwa nyuma.

Desturi hiyo alituletea Nestori. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa maharage pale mjini, wazazi wake walikimbia Burundi, yeye amekulia kambini na baadaye akapata uraia. Mpole, mcheshi wa chinichini, anajua kila njia. Fimbo yake ilikuwa na kipande cha mpira mwekundu wa tyubu kimefungwa kwenye mshikio, kwa hiyo ulikuwa unaitambua kwa mbali.

Mwaka 2014, baada ya masika, tulipata mgeni shuleni kwetu. Nimwite Madam Rehema. Mwalimu mpya kutoka Tanga, mwanamke wa heshima zake, mtandio haumtoki kichwani. Akaomba kujiunga na kundi, tukampokea kwa furaha.

Kumweleza mgeni taratibu ilikuwa kazi ya Mwenyekiti wa kundi. Akamweleza yote: maji, viatu, nyoka, nani anatembea mbele.

Ya fimbo hakumwambia.

Wakuu, aliona aibu. Utaanzaje kumwambia mwanamke mgeni, tena mwenye stara vile, habari za kujisaidia? Akasema ataona mwenyewe. Na sisi wengine tuliona aibu ileile, tukanyamaza.

Jumamosi yake ya kwanza Nestori akaomba tupite kwenye kambi yao ya zamani, iliyokuwa imefungwa. Alitaka kutuonyesha alipokulia. Nilitarajia kukuta magofu. Hakukuwa na kitu. Nyumba za udongo zilishabomolewa, nyasi zimepita kichwa, kilichobaki ni mistari ya mikaratusi na vijia vilivyonyooka vinavyofanana vyote.

Nestori alibadilika pale. Akawa anatembea polepole, anasimama, anaangalia miti.

"Hapa tulikuwa tunapanga foleni ya maji," aliniambia. "Mwarimu, watoto tulikuwa wengi hapa! Sasa sikia, hata ndege hakuna."

Akasema anatamani kuona kiwanja chao kabla hajasahau kilipo. Nikamwambia atuonyeshe tukirudi. Akaitikia, akabaki nyuma kidogo, mimi nikasonga mbele.

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Tulitembea kitambo kirefu mpaka kwenye kijito, tukakaa kunywa chai. Mwenyekiti, ambaye siku hiyo ndiye alikuwa Mkia, akafika wa mwisho, akakaa. Vikombe vikaanza kuzunguka.

Madam Rehema akasimama, anatabasamu, ameshika fimbo mbili.

"Jamani, nani kasahau fimbo yake? Nimeikuta imesimama njiani, nikasema niwabebee."

Mpira mwekundu kwenye mshikio.

Kila mtu aliangalia ile fimbo, halafu tukaanza kuangaliana, tunahesabu nyuso. Madam akawa bado anatabasamu, anasubiri kushukuriwa. Tabasamu lile lilivyokuwa linazimika mpaka leo naliona.

Tukarudi mbio.

Shida ikawa moja tu: aliitoa wapi? Ile fimbo ndiyo iliyokuwa inaonyesha mahali. "Penye mikaratusi," alisema Madam. Mikaratusi ilikuwa kila mahali. Vijia ni vilevile. Akatupeleka kwenye kimoja, akasema hapana, akatupeleka kingine. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Nyasi zilimeza kila kitu.

Mwenyekiti alikuwa anamfokea huku tunatafuta. "Fimbo ya mtu unaiokotaje? Unaiokotaje?" Madam alikuwa anapasua nyasi kwa mikono.

Ilibidi mmoja apande kilimani kutafuta network, akampigia Yohana, mdogo wake Nestori. Akaja na pikipiki, jua limeshainama. Hakuuliza mengi. Alihesabu mistari ya miti kutoka kwenye kijia kikubwa, akakata kushoto, akaenda moja kwa moja mpaka sehemu ambayo tulishaipita mara kadhaa.

"Kwetu ni hapa," akasema. Halafu akapiga magoti, akalia kwa Kirundi. "Yebabawe!"

Lilikuwa shimo la choo. Choo cha nyumbani kwao. Magogo ya juu yalishaoza, nyasi zikaota na kufunika. Nestori alikwenda kuangalia kwao, akakanyaga.

Yohana akasema wao wawili ndio waliolichimba, wakiwa vijana, na baba yao akawasifia kwa kwenda chini sana.

Alishuka mwenyewe, tumemfunga kamba za pikipiki. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopokea mwili juu, nikashika mikono. Kucha zilikuwa zimevunjika, zimejaa udongo mwekundu. Kwenye ukuta wa shimo kulikuwa na vijishimo alivyochimba apate pa kukanyaga. Alikuwa anapanda. Alishafika karibu nusu, kisha upande mmoja ukabomoka ukamfukia.

Daktari aliyempima alituambia mimi na Yohana pembeni: huyu alihangaika muda.

Maana yake mnaielewa. Fimbo ingekuwepo, Mwenyekiti angesimama pale. Angesubiri, angeita, angesikia.

Msibani kundi zima lilikuwepo. Maneno yalishasambaa, na Mwenyekiti ndiye aliyeongoza kuyasambaza, kwamba yule mwalimu mgeni kamuua Nestori. Hakusema popote kwamba hakumfundisha. Wenzangu wakakubaliana asije mazikoni. Nilisikia uchungu, lakini nitawaambia ukweli, siku ile hata mimi sikutaka kumwona.

Akaja. Peke yake, kwa miguu, fimbo ameizungushia kanga. Akaenda moja kwa moja kwa mjane, Mama Dativa, akapiga magoti, akamwekea fimbo mbele yake.

Mwenyekiti akasema kwa sauti, watu wasikie: "Usingegusa hiyo, tungemtoa hai."

Mama Dativa alikuwa ameinama tangu asubuhi. Akainua kichwa.

"Daktari amesema alikufa palepale," alisema. "Alianguka na shingo. Fimbo ingekaa, isingekaa, mngemkuta maiti. Huyu binti alikuwa anamrudishia mtu kitu chake. Mwacheni."

Nilishtuka. Yohana aliinamisha uso, na hapo nikajua alishamwambia shemeji yake huyo kila kitu, udongo wa kwenye kucha na yote.

Mama Dativa akanitazama mimi.

"Mwarimu, wewe ulikuwepo kwa daktari. Si ndivyo alivyosema?"

Watu wote wakanigeukia. Madam Rehema naye, macho mekundu, ananisubiri mimi tu.

"Ego," nikasema. Ndiyo.

Madam akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza. Mama Dativa akamshika kichwa, akamlaza mapajani, yeye mwenyewe hana chozi.

Miguu Mikavu haikutembea tena. Hakuna kikao kilichoivunja, Jumamosi ilifika na hakuna aliyetoka nyumbani. Mwenyekiti alihama. Madam alibaki Kasulu, na nilikuwa namwona kila mwezi anapanda kwa Mama Dativa na sukari au sabuni. Mwaka jana ugonjwa ukamchukua Madam. Kwenye maziko yake Mama Dativa alikaa na ndugu wa marehemu.

Nilichojifunza: mgeni akija kwenye kundi lenu, mwambieni kila kitu siku ya kwanza, hasa kile mnachoona aibu kukisema. Sisi tulikuwa wasomi kibao, tukashindwa kutamka neno choo mbele ya mwanamke.

Karibuni kwa maoni. Mnaosema uongo ni uongo tu, semeni, nitasoma. Ila mjue kwamba yule mama aliosha mikono ya mumewe mwenyewe, kucha moja moja, kisha akatoka nje akasema alikufa palepale.