Aliyetangulia Kuonja

Wiki iliyopita nilihudhuria semina ya Katiba katika ofisi ya kata huko Bugarama, Ngara. Kabla ya yote, mtendaji wa kata alitupa sheria moja: simu ikilia, mwenye nayo atoke nje. Hata hatujakaa sawa, ya mkulima mmoja ikalia. Akatoka, akajibanza barazani, mvua ikimrushia manyunyu.

Mwanasheria kijana akaeleza vizuri jinsi nchi ilivyopata uhuru, machifu wakaondolewa madarakani, na Katiba ikawa juu ya kila mtu. Bibi mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono.

"Mwanangu, huku kwetu anayekukaribisha pombe ya ndizi anatangulia kuonja mwenyewe, ili mgeni ajue haina sumu. Hao wakubwa walioandika hiyo Katiba, waliionja?"

Watu wakacheka. Kijana hakucheka. Akaanza kupekua kurasa za Katiba aliyoishika.

Hapo simu ikalia. Ilikuwa ya mtendaji mwenyewe. Tulimwonea huruma, maana shati lake lilikuwa jeupe na limepigwa pasi. Akaitazama simu, akautazama mlango. Nilijua atasema ni ya kikazi. Simu za wakubwa zote huwa za kikazi. Kumbe sivyo. Aliinuka, akatoka, akasimama kando ya yule mkulima aliyekuwa bado barazani, wakagawana manyunyu.

Bibi akaweka vizuri kitenge chake begani.

"Haya, huyu ameonja," akasema. "Mwanangu, endelea kutufundisha."